Mato ya Mzee Ojwang'

Hotuba niliyoitoa mbele ya vijana wa maigizo na wazee wao, uwanja wa Mkunguni, Lamu. Kipaza sauti kilikatikakatika na waliokaa mbali walikosa mengi, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoisema.

Assalaam alaykum.

Wazee wangu mlioketi kwenye ngazi za ngome, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliotukusanya hapa, nawashukuru. Nimepewa wakati huu kati ya alasiri na magharibi. Nitajitahidi nimalize kabla ya adhana.

Nianze kwa kuuliza. Nani hapa anamjua Benson Wanjau? Ainue mkono. Naona watatu. Na yule kijana wa nyuma, wanne. Haya. Nani anamjua Mzee Ojwang'?

Tazameni nyuma yenu. Hata yule hamali aliyesimamisha punda pale ameinua mkono, na saruji bado iko mgongoni mwa punda.

Ni mtu mmoja. Benson Wanjau ndiye aliyezaliwa, akaoa, akaugua, akazikwa. Mzee Ojwang' ndiye aliyeingia nyumbani kwetu kwa televisheni. Vijana waliniomba nizungumze juu ya maisha ya mchekeshaji, na naona walitaka niwape njia ya kupata watazamaji wengi. Mimi nimekuja na mtu huyo mmoja, kwa sababu kila ninachokijua juu ya kazi hii, kizuri chake na uchungu wake, nilikiona kwake kwanza.

Nilizaliwa Langoni, hapa hapa. Mwaka 1989 nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mama alinipeleka Malindi nikakae kwa mjomba nisome. Siku ya pili nilijikwaa mlangoni nikaanguka, binamu zangu wakacheka. Nikawauliza, "Mbona mwateka?" Mkubwa wao akanijibu, "Tutateka na nini, nawe hukuja na ndoo?" Wakacheka hadi wakakaa chini.

Wageni waliopo wajue kwamba sisi Waamu kucheka twaita kuteka. Macho ni mato, njaa ni ndaa, njia ni ndia. Kule Malindi kuteka ni kuteka maji kisimani. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua kwamba lugha ya mama yangu yaweza kuwa kichekesho kwa watu wa nyumba moja nami. Tangu siku ile nilifunga mdomo. Darasani mwalimu akiniuliza, nilijibu kwa neno moja, nililokwisha kulipima kwanza kama halina Kiamu ndani yake. Nilikaa hivyo miezi.

Mjomba alikuwa seremala, mtaa wa Shella, ile ya Malindi. Alikuwa na televisheni ndogo ya Great Wall, ya rangi nyeusi na nyeupe, na umeme haukuwa umefika nyumba ile, kwa hiyo ilitumia betri ya gari. Betri ilibebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa na kurudishwa, na ikiwa imechajiwa vibaya picha ilianza kujikunja pembeni kabla kipindi hakijaisha. Antena ilifungwa kwenye boriti ndefu uani. Mtoto mmoja alikuwa na kazi ya kusimama nje na kuizungusha boriti ile, na waliomo ndani wakapiga kelele: "Hapo! Hapo! Umepitiliza, rudi kidogo!" Kwa kuwa mimi nilikuwa sisemi, kazi ile ilikuwa yangu.

Ndio mwaka ambao Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa, iligeuzwa jina ikawa KBC. Na KBC, jioni ya Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho, ilijaza sebule ya mjomba. Watoto wa mtaa walikaa kwenye mkeka, wanaume kwenye mabao ya kazi ya mjomba, kina mama walisimama dirishani kwa nje na kanga zao. Mimi nilikuwa nimeshika boriti, natazama kioo kupitia mlango wa uani.

Akaingia mzee. Kofia, miwani mikubwa, koti lililomzidi. Akasimama. Hakusema kitu. Aliwatazama waliokuwamo chumbani mmoja mmoja, na kabla hajafungua kinywa, sebule nzima ilikuwa imeshaanza kucheka. Kisha akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kimepinda: sh yote ilikuwa s, shamba likawa samba. Nikangoja watu wamcheke kama walivyonicheka mimi. Walicheka, lakini walikuwa wameegemea mbele, wanataka aseme tena. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Hakuna aliyemsahihisha. Nikaiacha boriti, antena ikageuka, kioo kikajaa mvua, na mjomba akaniita kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

Siku ya pili yake nilisema darasani. Nilisema "mato", nikatulia kidogo kama alivyotulia yule mzee, nikawatazama, nikasema, "ndiyo macho yenu hayo." Walicheka, na mara hii mwenye kicheko kile nilikuwa mimi.

Vijana wangu, hiyo ndiyo shule yangu ya uigizaji. Sijapata nyingine kubwa kuliko hiyo.

Sasa nataka tuone kazi yenyewe. Wewe, kijana mwenye fulana ya buluu, njoo. Simama hapa. Chukulia umerudi nyumbani umepoteza pesa za karo, na mke wako amekaa anakungoja. Sema "Nimerudi."

(Akasema. Watu walicheka kidogo, kwa ukarimu.)

Vizuri. Sasa toka, uingie tena. Usiseme "Nimerudi" mpaka umtafute mke wako kwa macho, umwone, utamani asingekuwapo, kisha ukumbuke kwamba wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Yote hayo bila neno. Halafu sema.

(Aliingia. Alipofika kwenye kumwona mke, kabla hajasema, mama mmoja upande wa kushoto alipiga kofi pajani kwa kicheko.)

Mmeona? Hakuongeza neno. Maneno ni yale yale. Kilichoongezeka ni mtu. Wanjau alikuwa bingwa wa hilo. Watu hukumbuka lafudhi yake kwa sababu lafudhi ni rahisi kuiiga. Kila mtoto wa Kenya aliiiga uwanjani shuleni. Lakini wangapi walioiiga walichekesha dakika tano? Aliyekuwa anatuchekesha ni mzee mwenye uhakika kwamba yeye ndiye mwerevu kuliko wote chumbani, na mkewe Mama Kayai yuko hatua mbili mbele yake, na sisi watazamaji tunaliona hilo, yeye halioni. Lafudhi ilikuwa kanzu tu. Mwenye kanzu ndiye aliyekuwa na kazi.

Na hapa niseme jambo ambalo nililijua nikiwa mtu mzima, kwa kusoma gazeti, likanifanya niketi. Wanjau hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai, ambaye jina lake ni Mary Khavere, ni Mluhya. Basi fikirini: Mkikuyu na Mluhya wanakaa nyumba moja kama mume na mke wa Kijaluo, wanagombana kwa Kiswahili, na mtoto wa Kiamu anawatazama Malindi huku ameshika boriti. Watu wengi waliamini ni mume na mke kweli. Wajaluo wengi waliamini ni mwenzao.

Mnajua nchi hii ilivyo wakati wa uchaguzi. Baada ya kura ya Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100, na damu nyingi ilimwagika kati ya makabila ambayo viongozi wao walikuwa wakigombea kiti. Mkikuyu na Mjaluo hawakuweza kupita mtaa mmoja katika baadhi ya sehemu. Na mzee yule, kwa miaka mingi kabla ya hapo na baadaye, alikuwa akiingia katika nyumba za Wajaluo akiwa na jina lao na sauti yao, na hawakumfukuza. Sisemi kwamba kichekesho kilizuia vita, hakikuzuia. Nasema kwamba watu hawawezi kukubali mgeni avae jina lao miaka yote hiyo kama wanahisi anawatukana. Wanahisi. Anayechekwa huhisi upesi sana.

Najua, kwa sababu mimi nimewahi kuwa upande ule mwingine, na hili sijapata kulisema hadharani hapa nyumbani.

Nikiwa na miaka ishirini na miwili nilikwenda Nairobi kutafuta kazi ya kuigiza. Nikapata nafasi katika kipindi cha vichekesho, kituo sitakitaja. Siku ya kwanza mtayarishaji aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Lamu. Akafurahi. Akasema, "Basi tufanyie Mpwani." Nikamuuliza Mpwani yukoje. Akanieleza: analala kwenye mkeka, anaitisha kahawa, kila neno la pili ni yakhe, akiambiwa afanye kazi anasema kesho. Nikafanya. Mafundi wa kamera walicheka, mtayarishaji akanipiga begani, nikahisi nimefika.

Babu yangu mzaa mama alikuwa hamali wa boriti. Wazee hapa mnaijua kazi ile. Boriti za mikoko zinateremshwa kutoka mashuani, maji yakiwa mafupi mtu anatembea kwenye tope hadi magotini, mzigo begani. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Alibeba hadi akapita miaka sitini. Kipindi kilipotoka, alikaa na majirani kumtazama mjukuu wake. Kipindi kilipokwisha aliniuliza swali moja, na hakuniuliza kwa hasira: "Yule mtu uliyemfanya, ni nani kwetu?"

Sikuwa na jibu. Hayuko. Hakuna mtu yule kwetu. Niliwapa watu wa bara Mpwani waliyemtaka wao, nikampa na sauti ya babu yangu.

Ndipo nilipofahamu Wanjau alifanya nini. Mzee Ojwang' hakuwa kabila linalochekwa. Alikuwa mtu mmoja, mwenye kiburi chake, mapenzi yake, woga wake kwa mkewe. Ukimwondolea lafudhi angebaki. Mpwani wangu, ukimwondolea yakhe na mkeka, habaki hata kivuli. Nataka vijana mnaofanya vichekesho vya Kiamu mpime kwa kipimo hicho. Mkimfanya Mbajuni, Mgiriama, Mkamba wa duka la Mokowe, mwondoleeni lafudhi kwanza, mwone kama kuna mtu amebaki. Akiwapo, mrudishieni lafudhi yake, na Mungu awabariki.

Kabla sijaendelea, wazee wangu, nataka kusema nanyi kidogo. Nimesikia kuna wanaosema maigizo haya ni upuuzi wa kisasa, na binti kuonekana kwenye simu za watu ni aibu. Sikuja kuwafundisha heshima, nyinyi ndio mlionifundisha. Lakini tukumbuke tulikotoka. Nani hapa hakulelewa na hadithi za Abunuwasi? Kwenye vugo, ngoma ya harusi, kina mama wa mji huu si waliimba mafumbo ya kuchekesha yenye kuuma kuliko kipindi chochote? Hata vipindi vile vya Nairobi, majina yake tazameni: Vitimbi, Vioja Mahakamani, Vituko. Maneno yote matatu ni ya kinywani mwetu pwani. Bara waliyachukua wakayafanyia kazi, nasi tukaketi kutazama.

Nirudi kwa Wanjau, na sasa ni kwenye uchungu.

Miaka ya mwisho macho yake yaliharibika. Wasioifanya kazi hii huenda wasijue maana yake. Mwigizaji wa televisheni hufanya kazi kwa macho. Kuna alama sakafuni ya pale anapotakiwa kusimama, asipoiona anatoka kwenye picha. Kuna mwenzake anayemwashiria kwa kope tu kwamba sasa ni zamu yako. Na kile kitu chake kikubwa, kule kumtazama mtu mmoja mmoja kabla ya kusema, atakifanyaje mtu asiyewaona?

Wakenya walisikia. Wakaanzisha mchango mitandaoni, wakauita jicho kwa Ojwang', watu wakatuma kwa simu, mia, mia mbili, elfu, na mzee akafanyiwa upasuaji. Mimi nilikuwa nafundisha wakati huo; nilituma nilichoweza, na walimu wenzangu ofisini wakatuma. Nakumbuka tulivyofurahi. Ilikuwa kama tunamtibu baba. Mwalimu mmoja wa kike, mtu wa Siyu, alisema kwa Kiamu chake, "Mato yale yametutekesha sote."

Furaha ile ilikuwa ya kweli, na sitaki kuipunguza. Lakini usiku nilikaa nikawaza. Mtu huyu sura yake inajulikana kuliko ya mawaziri. Hakuna kijiji chenye televisheni ambacho hakikumcheka. Kwa nini macho yake yangoje huruma yetu? Ikiwa tulikuwa tayari kutoa mia mbili mia mbili ili aone, basi thamani yake tuliijua. Tuliijua wakati wote, ila hapakuwa na njia ya thamani ile kumfikia ila kwa msaada, naye tayari ni mzee na hawaoni watoto wanaomwita barabarani.

Alifariki usiku wa Jumapili, 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na miaka 78. Alizikwa Lang'ata, Nairobi. Siku zile vituo vyote vilirudia vipande vyake, na nchi ikacheka huku inalia. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'un kwa kila aliyetangulia.

Wala si yeye peke yake, na si Kenya peke yake. Mkivuka mpaka hapo kusini, Tanga, kulikuwa na Amri Athumani, King Majuto, mtu wa pwani kama sisi, aliyezaliwa 1948 na kuanza kuigiza jukwaani angali mtoto. Hapana mtu wa pwani hii asiyemjua. Mwaka 2018 aliugua sana, na katika kuugua kwake ndipo ikazungumzwa wazi jinsi mikataba ilivyompunja. Serikali ya Tanzania ikaunda kamati ya kutazama mikataba ya wasanii, ya kwake ikiwamo. Alifariki 8 Agosti mwaka ule ule, katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kamati iliundwa yeye amelala kitandani.

Sasa mimi mwenyewe. Ile kazi ya Mpwani niliitilia sahihi karatasi moja. Sikuisoma. Nilikuwa na furaha, na aliyenipa alikuwa amenishikia kalamu tayari. Nikalipwa kwa siku nilizofanya kazi, basi. Miaka kadhaa baadaye niko Malindi, nimeingia kwa kinyozi, televisheni iko juu ya kioo, na mimi nimo ndani ya televisheni, nimelala kwenye mkeka. Kinyozi akanitazama, akakitazama kioo, akafurahi kama amepata mgeni wa heshima. Akaita wenzake wa duka la jirani. Alipomaliza kunyoa akataja bei mara mbili ya kawaida, bila ubaya wowote, kwa sababu aliamini kila ninapoonekana pale nalipwa. Siku ile nauli ya kurudi nyumbani nilikuwa nimeikopa. Nikamlipa. Nilishindwa kumwambia.

Na sheria iko. Hilo ndilo linaloniuma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwigizaji haki juu ya uigizaji wake mwenyewe: kurekodiwa, kunakiliwa, kutangazwa, si kwa mtu kuamua tu bila ridhaa yake. Haki hizo hudumu miaka 50. Baadaye sheria iliongezewa kifungu cha 30A, kinachosema mwigizaji anastahili malipo ya haki kazi yake iliyorekodiwa inapotangazwa, na malipo hayo hukusanywa na chama kinachopewa leseni ya kazi hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inasema utamaduni ni msingi wa taifa hili, na kwamba serikali itakuza haki za ubunifu za watu wake. Yote yameandikwa. Lakini sheria haitembei kwa miguu kuja Langoni. Na karatasi unayoitia sahihi yaweza kuchukua mengi ya yale ambayo sheria ilikupa.

Nina karatasi moja hapa. Ni ya binti mmoja wa kikundi hiki, na ameniruhusu niizungumze bila kumtaja yeye wala kampuni. Mnamjua yule nyanya wake anayemwigiza, Kiamu kitupu, buibui la zamani, anayegombana na simu yake. Kampuni ilimpigia. Wanataka nyanya yule auze bidhaa yao. Shilingi elfu kumi na tano. Kwa binti wa miaka ishirini si kidogo, naelewa. Sasa sikilizeni mstari huu, nimeutia Kiswahili: kampuni itakuwa na haki ya kumtumia mhusika, jina lake, sauti yake na sura yake, milele, ulimwenguni kote, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa.

Vitakavyobuniwa. Tukae na neno hilo. Mwaka 1989, wakati nashika boriti uani, nani alijua kwamba siku moja Vitimbi itatazamwa kwenye kitu kinachoingia mfuko wa kanzu? Leo vipande vyake viko YouTube, mtoto wa Matondoni anavitazama akiwa juu ya mashua. Hakuna aliyekibuni kitu hicho wakati Wanjau anaigiza. Karatasi hii inanunua leo vile vitu ambavyo watu bado hawajavifikiria. Na inanunua "mhusika", maana yake binti huyu kesho akitaka kumfanya nyanya wake mwenyewe, aliyemtoa kwa nyanya aliyemlea, kwa lafudhi ya nyumba yao, itabidi aombe ruhusa.

Mimi nilipoisoma nilimwambia arudi kwao na mambo matatu tu. Walipe kwa muda, mwaka mmoja, ukiisha wazungumze upya. Mhusika abaki wake. Na kila tangazo litakaporudiwa baada ya muda huo, liwe na bei. Amewaandikia. Hawajajibu. Huenda wasijibu kabisa, na huenda elfu kumi na tano hizo zikaenda kwa mtu mwingine, na nimemwambia hivyo pia, nisimdanganye. Aliniambia, "Mwalimu, nami nangoja." Mama yake yupo hapa, namwona. Mama, umezaa.

Kina baba na kina mama wenye watoto katika kikundi hiki: mtoto akileta karatasi nyumbani, msimwambie kwamba mambo ya sanaa hamyajui. Karatasi ni karatasi. Mzee asiyeweza kuuza shamba bila kuita mashahidi wawili na kupima mipaka kwa hatua, kwa nini amwachie mwanawe auze sauti yake peke yake, amesimama mlangoni, kalamu imeshikwa na mnunuzi? Keti naye. Uliza mpaka uko wapi. Uliza inaisha lini. Kama hakuna mahali palipoandikwa inaisha lini, hapo ndipo pa kuanzia.

Nasikia muadhini anajaribu kipaza sauti. Basi nafupisha.

Kikundi hiki kimenipa chumba cha nyuma ya duka la vitabu, ile ndia inayotoka Usita kwenda msikitini. Kila Alhamisi baada ya isha nitakuwapo, kuanzia wiki hii. Tutasoma mikataba kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, na palipo na Kiingereza kigumu tutakifungua pamoja; kuna wakili mmoja kijana, mtoto wa Mkomani, amekubali kuja mara moja kwa mwezi bila malipo. Mwenye karatasi ambayo hajaitia sahihi aje nayo. Mwenye ambayo ameshaitia sahihi aje nayo vile vile, hata kama ni ya zamani, hata kama anaona haya. Ya kwangu ile ya Nairobi ninayo bado. Ndiyo tutakayoanza kuisoma.